Gesti ya ghorofa tatu Tanga: meshi au kebo zenye PoE? Naombeni ushauri kabla sijalipa

MamaGesti_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Nina gesti Tanga mjini, nataka WiFi ifike kila chumba maana malalamiko ya wageni mapokezi hayaishi. Mafundi wawili wameleta bei. Wa kwanza anasema tuweke meshi, vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi za korido vinavyopokezana WiFi kwa redio, anamaliza kwa siku moja bila kutoboa ukuta. Wa pili anataka kupitisha kebo na kufunga AP za darini, yaani vifaa vya kurusha WiFi, zipate umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, ndiyo anaita PoE. Bei yake ni karibu mara mbili ya mwenzake. Ijumaa natakiwa kutoa advansi. Nimpe nani kazi?

KijanaWaKariakoo
Dada, chukua meshi. Nawauzia watu wa lodge kila wiki na hawarudi kulalamika. Unachomeka, unaweka nywila, umemaliza. Hiyo pesa nyingine nunua magodoro.

fundi_umeme_Mwanza
Mama, hapo umetuambia bei tu. Vyumba vingapi? Kuta ni tofali au mbao? Dari ni jipsamu au slabu? Jengo ni moja? Wayaringi ni ya mwaka gani, ina erthi inayofanya kazi? Kwenye meni swichi kuna RCD, kile kifaa kinachokata umeme ukivuja? Bila majibu hayo, atakayekwambia chukua hiki acha kile anabahatisha.

binti_TEHAMA
Naongeza mawili. Intaneti inaingia kwa fiba au kwa antena ya paani? Na umeme ukikatika, unataka WiFi iendelee? Kwa PoE, UPS moja (betri ya akiba) chini ya swichi ya mtandao, kile kifaa kebo zote zinapochomekwa, inabeba AP zote za jengo. Kwa meshi, kila kifaa kinakufa na soketi yake.

MamaGesti_Tanga
Asanteni. Vyumba 22. Kuta ni tofali za saruji. Ghorofa ya juu ina jipsamu, zilizobaki ni slabu. Intaneti ni fiba. Jenereta lipo ila huwa tunachelewa kuliwasha. RCD siijui, nitamuuliza kijana wetu. Mafundi wote wawili hawakuniuliza hata kimoja kati ya hivyo.

fundi_umeme_Mwanza
Itafute kwenye boksi la meni swichi: ina kitufe kidogo kimeandikwa T au TEST. Ukikibonyeza na umeme ukakatika, angalau ipo hai. Iwe imeandikwa 30 mA, ndiyo ya kulinda mtu. Ya 300 mA ni ya kuzuia moto, haimwokoi aliyeshika waya.

binti_TEHAMA
Kwa kuta za saruji meshi itakusumbua. Masafa ya 5 GHz yanachoka haraka kwenye tofali, na kifaa cha meshi kikipokea na kutuma kwa redio ileile, kasi inapungua kila unaporuka kwenda kifaa kingine. Kingine ambacho muuzaji hakwambii: soketi za korido ni za kila mtu. Mhudumu anachomoa kifaa achomeke pasi, mgeni anachomoa achaji simu. Nilisimamia hosteli moja, kila asubuhi ghorofa ya pili haina mtandao, na kifaa kinakutwa kimelala juu ya meza ya maua.

KijanaWaKariakoo
Si unaweka ekstensheni juu ya dari, unachomeka huko mtu hafiki?

fundi_umeme_Mwanza
Hapana kaka, usimshauri mtu hivyo. Ekstensheni juu ya jipsamu ndiyo moto wenyewe. Hakuna anayeiona ikipata joto, vumbi limejaa, panya wanatafuna. Kama lazima soketi iwe juu, ifungwe soketi ya kudumu kwenye boksi lake, na waya wake upite kwenye bomba.

Mkenya_wa_Ruiru
Hamjambo. Huku kwetu Kenya kazi ya umeme hufanywa na mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka yetu ya nishati, kwenu nadhani ni EWURA. Kebo ya PoE yenyewe hubeba volti zisizozidi 57 za DC, hiyo ni volti ndogo. Lakini soketi mpya ya kulisha swichi ya mtandao ni umeme wa volti 230, hapo leseni yahitajika. Na BS 7671, kanuni za Uingereza za wayaringi, ambazo mafundi wengi wa pande zetu hufuata, hazikubali kebo ya data kukaa bomba moja na waya wa umeme, ila tu kama kila kebo ina insulesheni ya kuhimili volti kubwa iliyomo humo. Mama, muulize fundi wako wa pili atapitisha wapi. Akisema "bomba la taa lina nafasi," mwambie aende.

fundi_umeme_Mwanza
Ruiru umegusa penyewe. Niliitwa kwenye jengo la ofisi, ghorofa nne, baada ya dada wa usafi kurushwa na umeme. Kampuni moja ilikuwa imefunga mtandao, kazi nzuri ukiitazama kwa macho: kebo zimenyooka, zimefungwa vizuri, kila moja ina lebo. Raki ya chuma, kabati la vifaa vya mtandao, iko kwenye ngazi. Waya wa umeme wa swichi waliuingiza kupitia tundu la bati bila raba. Bati likaula waya taratibu, kila mlango wa raki ukifunguliwa na kufungwa, hadi shaba ikagusa chuma.

Raki haikuwa na erthi. Wayaringi ni ya zamani, RCD hakuna. Breka haikuanguka kwa sababu umeme haukuwa na njia ya kurudi ardhini. Ulikaa tu kwenye chuma unamsubiri mtu. Dada anapiga deki, miguu imelowa, akashika mlango wa raki. Tunashukuru Mungu alirushwa badala ya kung'ang'aniwa, alipona.

Kilichonitisha zaidi ni hiki: walitumia kebo zenye ngao ya foili, zile za FTP, na plagi za chuma. Ngao imegusa raki upande mmoja, upande wa pili imegusa bodi ya chuma ya AP. Nikapima ghorofa ya nne, mbali kabisa na ile raki, fremu ya AP ina volti zaidi ya 180 kwenda ardhini. Hitilafu ya ngazini imesambazwa jengo zima na kebo za mtandao! Kebo ya ngao bila erthi ni hatari kuliko UTP ya kawaida isiyo na ngao. Sasa raki ina waya wa kijani na njano hadi kwenye baa ya erthi, na RCD imefungwa.

KijanaWaKariakoo
Pole kwa huyo dada. Lakini hilo ni kosa la mafundi, siyo la meshi. Adapta ya meshi ingeweza kufanya hivyo?

fundi_umeme_Mwanza
Nimekubali, siyo la meshi. Nimeileta ili Mama ajue cha kumuuliza huyo wa kebo.

MzeeWaPangani
Vijana, mbona mmesahau vile vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye waya za umeme zilizopo? Kwangu vinafanya kazi bila shida, sikutoboa chochote.

binti_TEHAMA
Shikamoo mzee. Kwenye nyumba ya fezi moja vinajitahidi. Gesti ya vyumba 22 huenda ina fezi tatu, na vyumba vilivyo kwenye fezi tofauti vinaweza visisikilizane kabisa.

MzeeWaPangani
Marahaba. Kwangu ni fezi moja, kweli. Lakini asivitupe kabla ya kuvijaribu.

Mkenya_wa_Ruiru
Akienda na kebo, akague shaba. Sokoni kuna kebo za CCA, alumini iliyopakwa shaba juu. Kwarua ncha ya waya na kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha 60% tu ya shaba, kwa hiyo PoE inapoteza volti njiani na kebo zilizofungwa pamoja zinapata joto. Pia azingatie urefu: mita 100 ndiyo mwisho, pamoja na vipande vya mwisho.

KijanaWaKariakoo
Hapo nakuunga mkono. Boksi la CCA ni jepesi mkononi kuliko la shaba, na wengi wanalibandika lebo ya Cat6, daraja la kebo nzuri, hivyohivyo.

neema_wa_Moshi
Samahani naingilia. Hizo AP za darini juu ya kitanda cha mgeni, mionzi yake haina madhara? Nina mtoto mdogo na nataka kuweka nyumbani.

binti_TEHAMA
Neema, ni mawimbi ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Ulaya kikomo cha 2.4 GHz ndani ya nyumba ni miliwati 100. Simu unayoiweka sikioni inaweza kutoa zaidi ya hapo. Hata hivyo AP zinafungwa korido, siyo juu ya kitanda.

MamaGesti_Tanga
Nimerudi. Kijana amebonyeza kile kitufe, umeme umekatika, imeandikwa 30 mA. Fundi wa pili anasema atatumia trankingi yake mwenyewe, ule mfereji wa kupitishia kebo, na AP zake zinatumia PoE ya kiwango cha 802.3af. Pia nilisahau kusema, kuna jengo la pili ng'ambo ya ua, ndiko jiko na mgahawa. Anataka kurusha kebo juu kwa juu.

fundi_umeme_Mwanza
Mama! Hilo ndilo lilipaswa kuja mwanzo. Kebo ya shaba kati ya majengo mawili, kila moja na erthi yake, ni njia ya radi kuingia ndani. Radi ikipiga karibu, ardhi ya upande mmoja inapanda volti kuliko ya mwenzake, na kebo yako ndiyo inayoziunganisha. Sisi wa kanda ya ziwa tumeona swichi nyingi zimeungua hivyo. Weka fiba, yenyewe ni kioo, haipitishi umeme.

Mkenya_wa_Ruiru
Na iwe fiba isiyo na chuma ndani. Zile zenye waya wa chuma wa kushikilia zitaleta mambo yaleyale.

KijanaWaKariakoo
Au redio mbili zinazotazamana. Ua si mkubwa, hakuna waya wowote unaovuka.

fundi_umeme_Mwanza
Redio inafaa, ila ikifungwa nje kebo yake bado inaingia ndani. Inahitaji kizuia radi chenye erthi, na hewa ya chumvi ya Tanga itazila skrubu. Mimi nabaki na fiba.

MamaGesti_Tanga
Je, wa meshi akiweka vifaa vyake mgahawani tu, na vyumbani kebo? Wa pili amesema fiba ya ua ni bei ya ziada, na leseni ya EWURA anayo mwenzake anayefanya naye kazi, siyo yeye.

Mkenya_wa_Ruiru
Basi huyo mwenzake ndiye aje afunge soketi ya raki, na nakala ya leseni uione kabla ya Ijumaa.

KijanaWaKariakoo
Mgahawani meshi itatosha, lakini bado inahitaji kitu cha kuvuka ua. Dada, ua una mita ngapi?