Mrejesho: risasi ya kuwindia koyoti

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza risasi gani inafaa kwa koyoti (mnyama wa Amerika afananaye na bweha) wanaotumalizia vitoto vya mbuzi huku Texas. Mligawanyika kati ya aina tatu za risasi: .223 Remington, .22-250 na .243 Winchester. Nimechukua .223.

Kilichoamua ni umbali. Shamba letu limejaa vichaka vya miba vya mesquite. Koyoti akiitwa kwa mlio wa sungura anatokea ndani ya mita 150, na mnyama ambaye mara nyingi hafiki kilo 20 hahitaji zaidi ya kichwa cha risasi cha greni 55 (kama gramu 3.6). Teke la bunduki ya .223 ni dogo, jicho halitoki kwenye darubini ya bunduki, unaona ulipopiga. Na bei yake ni nafuu, jamani! Nimenunua kichwa kinachopasukia ndani ya mnyama, maana nyuma kuna nyumba ya jirani, ingawa silengi upande huo hata iweje.

Aliyetetea .22-250 alikuwa na hoja: inakimbia futi 3,600 hivi kwa sekunde, na uwanda ungekuwa wazi wenye upepo ningemfuata. Ila inakula mtutu, yaani unachakaa haraka. Ile .243 tuwaachie wanaowinda kulungu pia.

Sasa natafuta darubini ya usiku isiyo na bei ya gari. Mwenye nayo aseme.