Mrejesho: vitabu vya kujifunza usimamizi wa seva

Wakuu, niliuliza nianze na kitabu gani kujifunza kusimamia seva za Linux. Asanteni, mrejesho ndio huu.

Ushauri wa kukagua faharasa kabla ya kununua ndio ulioamua. Kitabu kinachofundisha ifconfig (amri ya zamani ya mtandao) na skripti za /etc/init.d (njia ya zamani ya kuwasha huduma) bila kugusa ip wala systemctl, amri zilizochukua nafasi zao, kimepitwa: Debian, mojawapo ya aina za Linux, ilihamia systemd (mfumo wa kusimamia huduma unaoendeshwa kwa systemctl) katika toleo la 8, mwaka 2015. Ila msikitupe, sura za ruhusa za mafaili bado zinafaa.

Nimeanza na The Linux Command Line cha William Shotts, PDF yake ni ya bure. Kinafuata How Linux Works cha Brian Ward, toleo la 3. Kile kinene cha Nemeth na wenzake, UNIX and Linux System Administration Handbook, toleo la 5 la 2017, ni cha rejea tu. Kukisoma mfululizo ni kujitesa.

Mazoezi ni kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta yako), snapshoti kwanza, yaani nakala ya hali yake ya kurudia ukiharibu. Kwa mfano sura ya diski: ukikosea herufi moja ya UUID (kitambulisho cha diski) ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa mashine ikiwaka, mashine ikiwashwa upya inasubiri kama dakika moja na nusu, kisha inaangukia hali ya dharura. Kwa hiyo endesha findmnt --verify (inakagua faili hilo), halafu mount -a (inajaribu kupachika diski zilizomo), kabla ya kuiwasha upya.