Msaada: ndege yangu ya upande mmoja inanitupa baharini kila nikipunguza gesi

Mwana_Mkomani
Wadau salaam. Mie niko Lamu, nacheza SimplePlanes kwa simu, ile gemu ya kujenga ndege na kuzirusha. Wiki mbili hizi najenga ndege iliyo kombo, ile staili ya BV 141 ya Wajerumani, injini na mkia viko kushoto halafu rubani ana kibanda chake cha vioo kulia, juu ya bawa. Kwa macho tamu sana, shida kuirusha. Nikifungua gesi yote uwanjani inakata kulia mpaka nyasini, nikibahatika ikapaa nakaza usukani wa mkia kushoto, naweka trimu (ile ya kuuacha usukani umepinda wenyewe), ikishika kasi inanyooka kama uzi na mie nafurahi. Sasa nije kutua, nikipunguza gesi tu pua inaruka kushoto, bawa linalala, maji. Jana nimezama mara kumi na moja walahi, mdogo wangu akaniuliza hii ni gemu ya ndege ama ya uvuvi. Nimeongeza usukani ukawa mkubwa zaidi, vile vile. Nakosea wapi?

kijana_wa_shela
Tia jairoskopu, kile kifaa cha kuituliza ndege, katikati yaishe, wajisumbuani

Mwana_Mkomani
Nishatia. Inatulia lakini kugeuka haitaki, yaani kama kabati. Nataka iruke yenyewe.

Fundi_Matondoni
Mwanangu, mie ndege si fani yangu, hii gemu nimetiliwa na watoto, lakini ugonjwa wako naujua. Mashua ikipakiwa vibaya nahodha mvivu anaibana na usukani safari nzima, na usukani kazi yake ni pale maji yanapopita, chombo kikipoa ule ni ubao tu. Propela yako inasukuma kwa nguvu hata ndege imesimama. Usukani wa nyuma unangoja mwendo, na mwendo ukizidi mara mbili nguvu zake zinazidi mara nne. Kwa hiyo trimu yako inalingana na injini kwa kasi moja na gesi moja basi, kupaa injini inaushinda usukani ndo unakwenda kulia, kutua umeikata injini usukani ukabaki peke yake unavuta kushoto. Hio si dawa. Hamisha farumi, yaani ule uzito wa kusawazisha chombo. Washa alama za kitovu cha uzito na cha msukumo, itazame ndege kwa juu, mstari wa propela upite kwenye kitovu cha uzito. Tanki umeweka wapi?

Mwana_Mkomani
Lote ndani ya kibanda cha kulia mzee 😅 niliona pana nafasi

kijana_wa_shela
Umempakia punda mawe matupu kulia, shoto hakuna kitu, halafu wamlaumu punda

rubani_wa_sofa
Malindi hapa. Mzee kamaliza ila naongeza kidogo kwa sababu hii ndege naipenda. Richard Vogt aliyeibuni hakuwa mwehu, iliruka 1938 na iliruka vizuri, ilikuwa ya upelelezi kwa hiyo alitaka rubani na mtazamaji waone chini bila injini kuwaziba. Propela ya injini moja kwa kawaida inavuta pua kushoto, yeye injini kaiweka kushoto, ambako msukumo unaipeleka pua kulia, basi viwili vinapunguzana. Toleo la B hata bawa dogo la mkia upande wa kulia alilitoa ili mshika bunduki wa nyuma aone. Na Burt Rutan, mbunifu wa ndege Mmarekani, naye 1996 akarusha ndege yake Boomerang, injini mbili zisizolingana nguvu, zimekaribiana, moja ikizima ndege haikugeukii. Watu wanaona kituko, kumbe hesabu.

Halafu kitu kimoja, hapo kwenye usukani mzee simpingi lakini usiutupe kabisa. Kile kibanda kinakamata upepo, kinakuvuta kulia, na huo mvuto nao unakua na mwendo sawasawa na usukani. Huo ndo utibu kwa kupinda mkia nyuzi moja hivi. Msukumo tibu kwa uzito.

Fundi_Matondoni
Hapo umenena.

Mwana_Mkomani
MREJESHO. Nimetoa tanki nikalipeleka ncha ya bawa la kushoto ili libebane na kibanda, bawa lote nikalisogeza kushoto likae sawa na uzito. Kupaa imenyooka jamani!! Nimezunguka kama robo saa, kurudi ikaanza kulala kulia polepole, ikazidi, maji tena.

Fundi_Matondoni
Umefanya mafuta kuwa farumi. Mafuta yanaliwa mwanangu, farumi hailiwi. Kule ncha weka uzito mfu, ule unaoandika mwenyewe kilo zake, na tanki lirudi kwenye mstari wa injini, hapo likijaa likiisha halikupeleki kulia wala kushoto.

kijana_wa_shela
Na ujaribu na tanki robo kabla hujaja kutupigia kelele za mrejesho

Mwana_Mkomani
Nimejaribu robo. Nimekata gesi yote pua haijatikisika, nikatua, gurudumu la kulia likagusa mwanzo likavunjika lakini nchi kavu. Mdogo wangu kapiga makofi. Hilo gurudumu nishaona, nilikuwa nimeyapanga kwa kufuata katikati ya bawa la zamani, nayasogeza usiku huu simu ikipata chaji.