Tupeane uzoefu: Tangazo lako la video lililoleta oda za kweli lilikuwaje?

Mama Mikoba

Wakuu na wadau wote mnaouza mtandaoni, heshima kwenu. Nafungua uzi huu tupeane uzoefu wa matangazo ya video ya kulipia, iwe Facebook, Instagram, TikTok au YouTube. Naomba kila anayechangia aeleze tangazo lake moja: lilianza na nini, lilirekodiwaje, na alijuaje kwamba ndilo lililouza. Wingi wa watazamaji tuuweke pembeni, maana video inaweza kutazamwa na umati na mzigo ukabaki stoo vilevile.

Naanza mimi. Nauza mikoba ya kike. Kila siku inboksi maswali ni yaleyale: laptopu inaingia? Zipu ni imara? Mtu akiuvaa unaonekana mkubwa kiasi gani? Rangi ndiyo hiyohiyo ya kwenye picha? Nikayaandika yote kwenye karatasi kwa mpangilio wa yanavyoulizwa sana, na karatasi hiyo ndiyo ikawa muswada wa tangazo.

Video inaanza na mkono ukisukuma laptopu ndani ya mkoba, kamera iko karibu kabisa, laptopu inazama yote na zipu inafungwa juu yake. Hakuna salamu, hakuna nembo. Maandishi juu yanasema tu: "Laptopu inaingia? Tazama." Kipande kinachofuata zipu inafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na hapo sikuweka muziki, niliacha mlio wa zipu yenyewe usikike. Kisha dada mmoja anauvaa begani na kugeuka taratibu, mwili mzima uonekane, ili ukubwa wa mkoba upimwe na mwili wa mtu. Rangi nilizirekodi dirishani kwa mwanga wa mchana, zote zimepangwa pamoja. Mwisho ni namna ya kuagiza na utaratibu wa kurudisha mzigo usipokupendeza. Yote haikuzidi nusu dakika.

Nilijua limefanya kazi kabla hata ya kuangalia takwimu, kwa sababu maswali yalibadilika. Waliokuwa wakiuliza "laptopu inaingia?" sasa wanauliza "nyeusi bado ipo?" Anayeuliza hivyo ameshaamua kununua.

Karibuni.

Mpiga Video

Asante kwa uzi, dada. Kazi yangu ni kurekodia maduka, kwa hiyo nitagusia upande wa kamera.

Ninapopewa kazi, cha kwanza ninachoomba kiondoke ni nembo inayozunguka mwanzoni. YouTube kwenye matangazo yanayorukika humpa mtazamaji kitufe cha kuruka baada ya sekunde 5. Kwenye Reels na TikTok hana hata haja ya kitufe, kidole kimoja kinatosha. Nembo iwekwe pembeni tangu mwanzo, ndogo, wakati bidhaa inaendelea na shughuli yake.

Tangazo ninalolikumbuka ni la kiti cha kukunja. Tulirekodi mwili mmoja wa video, lakini mianzo mitatu tofauti. Wa kwanza, mtu mzito anaketi kwa kishindo. Wa pili, kiti kilichokunjwa kinaingizwa kwenye buti la gari lililojaa mizigo, kwenye upenyo mwembamba uliobaki. Wa tatu, maandishi ya swali tu. Mwenye duka aliamini kabisa kishindo ndicho kitakachoshinda. Uliovuta watu ukawa ule wa buti la gari, na kwa mbali sana. Tulikuja kuelewa baadaye kwenye maoni: wanunuzi walikuwa watu wa safari, uimara hawakuwa na shaka nao, nafasi ndiyo ilikuwa tatizo lao. Tangu hapo kila kazi narekodi mianzo kadhaa siku hiyohiyo, taa zikiwa bado mahali pake. Kuja kurudia baadaye ni gharama mpya.

Mambo ya kiufundi kwa ufupi. Rekodi simu ikiwa wima, 9:16, yaani 1080 kwa 1920. Maandishi muhimu yasikae chini wala upande wa kulia, huko ndiko programu zinakoweka maelezo, jina la akaunti na vitufe. Nimeona matangazo mengi ambayo bei yake imefunikwa na maandishi ya programu yenyewe. Kwa ukurasa wa kawaida wa Facebook na Instagram, toa na toleo la 4:5. Na uweke maandishi ya kila kinachosemwa, kwa sababu watu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Mimi hulitazama tangazo bila sauti kabla ya kulikabidhi. Nisipoelewa kinachouzwa, narudi mezani.

Mwendesha Matangazo

Nimependa alivyosema Mama Mikoba kuhusu maswali kubadilika. Naongezea upande wa namba, maana nasimamia akaunti za matangazo za maduka ya watu.

Ninaposikia "video yangu haiuzi", siigusi video kwanza. Natafuta mnunuzi anapotelea wapi. Chukua waliotazama angalau sekunde 3, gawanya kwa mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Ikiwa ni wachache mno, mwanzo ndio mgonjwa. Kama wanasimama lakini hawafiki sekunde 15, ambazo Meta, wenye Facebook na Instagram, wanazihesabu kwa jina la ThruPlay, basi katikati pamepwaya. Wakifika mwisho bila kubofya, hujawaambia wafanye nini, au hawajaona sababu. Wakibofya bila kununua, video imeshamaliza kazi yake, tatizo liko dukani.

Mfano halisi. Duka la viatu, video nzuri kweli, kiatu cha bluu kinakunjwa hadi soli inagusana na kisigino halafu kinarudi umbo lake. Mibofyo mingi, oda hakuna. Nikabofya mwenyewe kama mteja. Linki ikanipeleka ukurasa wa mbele wa duka, viatu vya kila namna, kile cha bluu nikitafute. Nani atatafuta? Tukaielekeza linki kwenye ukurasa wa kiatu kilekile, picha ya kwanza ikawa ya bluu, jedwali la saizi likapandishwa juu karibu na kitufe cha kununua. Video hatukuigusa hata sekunde moja. Oda zikaanza kuingia.

Jambo jingine linalowaumiza wengi ni kubonyeza kitufe cha kubusti posti na kusubiri mauzo. Ukiuomba mfumo watu wa kupenda na kutoa maoni, utakuletea watu wa kupenda na kutoa maoni. Ingia Ads Manager, sehemu ya Meta ya kuendeshea matangazo, chagua lengo la mauzo, hakikisha pikseli, yaani kile kipande cha msimbo kinachowapa Meta taarifa za duka lako, imefungwa dukani na inasoma tukio la kununua. Kisha uliache tangazo lijifunze, yaani mfumo utambue ni nani wa kuonyeshwa. Meta wenyewe wanaeleza kwamba kila seti ya matangazo, yaani kundi lenye walengwa wamoja, huhitaji kama matokeo 50 ndani ya wiki ili itulie, na ukibadilisha video, walengwa au bajeti kwa kiasi kikubwa unairudisha kwenye kujifunza. Wapo wanaobadilisha kila asubuhi halafu wanashangaa kwa nini halitulii. Kama bajeti yako ni ndogo, usiigawe kwenye seti nyingi, ikusanye kwenye chache.

Na namba za Meta zisipolingana na oda za dukani, usipaniki. Tangu iOS 14.5, toleo la mfumo wa iPhone, ilipotoka 2021, programu kwenye iPhone lazima ziombe ruhusa ya kumfuatilia mtumiaji, na wengi wanakataa, kwa hiyo oda nyingine Meta hawazioni. Mimi huweka swali moja mteja anapomaliza kulipa: "Umetuonea wapi?" Majibu yake nayapanga pembeni ya namba za mfumo, ndipo natoa uamuzi.

Mgeni

Habari wakuu. Nimesoma kila neno. Natengeneza vidani vya shanga na nimefungua duka mtandaoni hivi karibuni. Sipendi sura yangu ionekane kwenye video, na bajeti ni ndogo. Mtu kama mimi anaanzia wapi?

Mama Mikoba

Karibu sana, mpendwa. Sura haihitajiki. Tangazo langu nililolielezea halina sura yangu hata kidogo, ni mikono. Kwa shanga una bahati zaidi, maana kazi yako inavutia ikiwa inafanyika. Shanga zinapita kwenye uzi, fundo linakazwa, rangi moja inafuata nyingine. Kamera ikae karibu, stendi ishike simu isitikisike, na ufute lenzi kabla hujaanza, vidole huacha mafuta pale.

Ila kabla ya kurekodi, waulize waliokwisha nunua nini kiliwatia shaka. Usibuni wewe.

Duka la Sabuni

Naongezea kwa Mgeni: rekodi pia unapofungasha oda. Mimi video zangu zinazouza kuliko zote ni za kufungasha. Mteja mpya anaona kwamba kuna watu wengine wanaonunua, anaona mzigo wake utafikaje, na hofu ya kutapeliwa inapungua. Hakikisha tu jina, namba na anwani ya mteja haionekani kwenye boksi.

Waombe wateja video walizojirekodi wakiwa na bidhaa, kwa ruhusa yao ya maandishi. Kama mteja ameshaposti TikTok, kuna utaratibu unaoitwa Spark Ads, anakupa msimbo wa idhini kisha unailipia posti yake ileile. Maoni na mapendo yanabaki kwenye posti yake, na mtazamaji anaona inatoka kwa mtu. Ukimlipa mtu akusifie, iwekwe alama kwamba ni ushirikiano wa kulipwa. Mnunuzi ana haki ya kujua.

Duka la Vipodozi

Wadau, msisahau sera. Nina binti ninayemsaidia kuendesha matangazo, yake yalikuwa yanakataliwa mfululizo na hakuelewa kwa nini, video ni safi. Sababu ilikuwa sentensi ya kwanza: "Una chunusi?" Meta hawaruhusu tangazo limwambie mtazamaji kana kwamba unajua hali yake binafsi, iwe afya, dini, umri au hali ya fedha. Tulichofanya ni kuizungumzia bidhaa: "Sabuni hii tumeitengeneza kwa ngozi yenye mafuta." Maana ileile, limepita. Nililifurahia badiliko hilo kwa sababu nyingine pia. Mtu hapendi kunyooshewa kidole na tangazo, na hata maoni yaliyokuja chini yakawa ya upole zaidi.

Muziki nao muwe waangalifu. Wimbo unaovuma unaweza kuutumia kwenye video ya kawaida ya binafsi, kwenye tangazo ni habari nyingine. TikTok wana maktaba ya muziki wa kibiashara, na Meta wana Sound Collection. Chagueni humo. Video ikizimwa sauti au kuondolewa katikati ya kampeni inayofanya vizuri, inauma sana.

Sofa Mtandaoni

Mimi natofautiana kidogo na wanaosema video ya simu daima inashinda ya studio. Inategemea unauza nini. Sofa ni kitu cha gharama, mteja anafikiri wiki nzima, anajadiliana na mwenzake. Video zangu za simu zilileta mibofyo, za kamera nzuri zikaleta oda, kwa sababu mshono na mbao za ndani zilionekana vizuri. Sasa natumia zote: ya simu kwa wasiotujua, ya kamera kwa waliokwisha kutembelea ukurasa wa sofa na kuondoka.

Mpiga Video

Sikupingi kabisa, mkuu. Hata mimi nikisema simu nina maana ya uhalisia, yaani bidhaa inatumika mahali inapotumika. Kamera nzuri ikionyesha mshono ni uhalisia huohuo.

Mwendesha Matangazo

Na matangazo huchoka, hili halijasemwa. Angalieni mara ambazo mtu mmoja ameonyeshwa tangazo hilohilo. Namba hiyo ikipanda huku mibofyo inashuka, watu wamelizoea. Hapo ndipo mianzo ya Mpiga Video inapookoa: unabadilisha sekunde za kwanza tu, mwili unabaki. Mkikwama mawazo, fungueni Maktaba ya Matangazo ya Meta, ni bure na hauhitaji kuwa mtangazaji. Tafuta maduka yanayouza kama wewe, uangalie tangazo gani limekuwa hewani muda mrefu. Mfanyabiashara halipii tangazo miezi yote hiyo kama halirudishi kitu. Soma linavyopangwa, lakini usinakili video ya mtu.

Mgeni

Nimerudi. Niliwauliza wateja kama alivyosema Mama Mikoba. Nilidhani wataniambia rangi. Karibu wote walihofia uzi utakatika! Basi nimepanga hivi: mwanzo ninasuka shanga, katikati kidani kikiwa shingoni kwa rafiki yangu, kisha ninakivuta kwa nguvu mikono miwili kuonyesha hakikatiki, mwisho nafungasha. Nipo sawa?

Mama Mikoba

Upo vizuri sana. Kile cha kuvuta kipeleke mbele kiwe cha kwanza kabisa, na uandike juu yake kwa maneno ya wateja wenyewe: "Uzi utakatika?" Vuta kweli, mishipa ya mikono ionekane. Kusuka kifuate, kwa sababu sasa mtazamaji anataka kujua kwa nini hakikatiki, na hapo umwonyeshe fundo lako kwa karibu. Rekodi pia mwanzo mwingine unaoanza na kusuka, uvirushe vyote viwili tuone. Na linki iende kwenye ukurasa wa kidani hichohicho. Ukirusha, tuletee matokeo hapa, yawe mazuri au mabaya.