Kibodi za kupangika kwa steshenari: VIA, Vial, QMK, au programu ndani ya kompyuta?

Steshenari_Mwanjelwa (Mbeya)

Habari za majukumu wakuu. Nina steshenari hapa Mwanjelwa. Kazi kubwa ni kuchapa: mitihani ya shule, ankara, katiba za vikundi, barua za maombi ya kazi, na ikifika msimu wake wanachuo wanajaa na tasnifu zao. Kompyuta ziko tatu, na vijana wanaonisaidia wanahamahama kutegemea mashine ipi iko wazi.

Nataka kununua kibodi za kupangika, zile ambazo wewe mwenyewe unaamua kila kitufe kitoe nini. Mahitaji yangu ni ya kawaida kabisa: kitufe kimoja cha sifuri tatu, kimoja cha "/=" kwa ajili ya bei, kimoja cha kushusha namba chini kwenye fomula za kemia kama H₂O, na vingine vya vichwa vya barua tunavyovirudia kutwa nzima. Katika kusoma nimekutana na VIA, Vial na QMK. Wengine wanasema usinunue chochote, weka programu kama AutoHotkey au PowerToys kwenye kompyuta, yale yale yatafanyika.

Intaneti yangu ni bando la simu, na umeme ukikatika mashine mbili zinazima papo hapo. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaotumia kweli.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Kamwene mkuu. Kwanza tuweke sawa jambo moja, maana watu wengi wanalinganisha QMK na VIA wakati hivi si vitu vya aina moja. QMK ni fimuwea, yaani programu inayokaa ndani ya chipu ya kibodi yenyewe. VIA na Vial ni madirisha ya kuipangia fimuwea hiyo. Kibodi ya VIA kwa kawaida ndani yake ina QMK iliyofunguliwa mlango wa VIA, na ya Vial vivyo hivyo.

Ukitumia QMK peke yake, kila badiliko unaliandika kwenye faili, unakompaili (unaligeuza faili hilo kuwa fimuwea), halafu unaiflashi kibodi upya, yaani unaiingizia fimuwea hiyo. Una uhuru wote, lakini kwa steshenari yenye foleni ni mzigo. Kuna QMK Configurator kwenye tovuti yao ambayo inakukompailia bila kuandika kodi, ila bado utaflashi kila ukibadilisha kitu. VIA na Vial unabofya kitufe kwenye picha, unachagua kitoe nini, na hapo hapo kimebadilika.

VIA inafunguka kwenye brauza, anwani ni usevia.app, na lazima iwe Chrome, Edge au ndugu zao wenye uwezo wa WebHID, yaani wa brauza kuongea na kibodi moja kwa moja. Firefox haina uwezo huo. Kwa Vial unashusha programu mara moja (ipo ya Windows, Linux na Mac), na maelezo ya umbo la kibodi yamehifadhiwa ndani ya kibodi yenyewe, kwa hiyo huhitaji intaneti wala kutafuta faili la JSON linaloeleza umbo hilo. Kwa mtu wa bando, ushauri wangu ni Vial bila kusita.

Kuhusu umeme: mpangilio wa vitufe unakaa kwenye kumbukumbu isiyofutika ya kibodi. Umeme ukatike mara ngapi, ukirudi kibodi iko vile vile. Na ukiichomoa ukaihamishia kompyuta ya jirani, inakwenda na vitufe vyake vyote.

Data_Makambako

Mimi nakuja na upande wa pili. Kazi yangu ni kuingiza data, na nimebaki na kibodi ya kawaida pamoja na AutoHotkey. Ni ya bure. Unaandika mstari mmoja kama huu:

`::jmt::JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA`

Ukichapa jmt ukabonyeza nafasi, maneno yanatoka yote. Unaweza kuwa na vifupisho mia tano na visijae. Zaidi ya hapo, AutoHotkey inajua dirisha lipi liko mbele. Kitufe kile kile ninakifanya kitoe "/=" nikiwa Excel na kitoe kitu kingine nikiwa Word. Kibodi haiwezi hilo hata iwe ya bei gani, kwa sababu haioni kilichopo kwenye skrini.

PowerToys nayo ni ya Microsoft, ya bure, na rahisi kwa asiyetaka kuandika chochote. Inafaa kubadilishana vitufe, mathalani Caps Lock iwe kitu kingine. Ikizimwa, mabadiliko yake yanakoma, na kwenye skrini ya kuingilia Windows haifanyi kazi.

Kasoro ya njia yangu naisema wazi: kila kompyuta lazima iwekewe programu na faili lake. Kwa mashine tatu inabebeka. Ila ukienda kwenye ofisi ya mtu ambako huruhusiwi kusimika programu, umerudi sifuri.

Steshenari_Mwanjelwa (Mbeya)

Nashukuru wote. Fundi, hilo la Data la vifupisho mia tano limenigusa. Vichwa vyangu vya barua ni virefu, vina jina la shule, S.L.P., simu, hadi YAH. Vinaingia ndani ya kibodi?

Fundi_Kihesa (Iringa)

Hapo ndipo uangalie chipu kabla hujatoa hela, na wauzaji wengi hawaiandiki kwenye tangazo. Uliza kabisa.

Kibodi nyingi za zamani kidogo zina ATmega32U4. Chipu hiyo ina flashi (sehemu inapokaa fimuwea) ya KB 32, na kumbukumbu ya kuhifadhia mpangilio ni baiti 1,024 tu. Piga hesabu: kibodi ya ukubwa wa kawaida isiyo na namba za pembeni inaweza kuwa na safu 6 na nguzo 17, yaani nafasi 102. Kila nafasi inakula baiti 2 kwa kila tabaka, yaani kwa kila seti ya kazi unayovipa vitufe vile vile. Ukiweka matabaka manne umeshatumia baiti 816. Zinabaki kama mia mbili za makro zote (maneno yanayotoka kwa kubonyeza kitufe kimoja) kwa pamoja. "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA" peke yake ni herufi 31 ukihesabu na nafasi. Vichwa viwili vitatu vya shule na sehemu imejaa.

Kibodi za chipu ya RP2040 au zile za STM32 zina nafasi kubwa zaidi. Hata hivyo, Data wa Makambako ana haki kwenye maneno marefu: mwache AutoHotkey ayabebe. Kibodi ipe vitu vifupi vinavyobonyezwa mfululizo. Sifuri tatu, "/=", na ile ya kemia, ambayo si makro hata kidogo; kwenye Word ni Ctrl na = kwa namba ya chini, ukiongeza Shift inakuwa namba ya juu. Unakipa kitufe kimoja mchanganyiko huo, basi.

Na jambo hili nawasihi wote wanaochapa kwa makro: kibodi haitumi herufi, inatuma nafasi za vitufe. Herufi inaamuliwa na Windows. Kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza mara nyingi zimebaki na mpangilio wa kule, ambapo alama ya @ na ile ya kunukuu zimebadilishana mahali. Makro yenye barua pepe ikitoka sawa kwenye mashine moja na kuharibika kwenye nyingine, usiilaumu kibodi. Nenda kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, weka US kwenye zote tatu. Caps Lock nayo ikiwa imewashwa, herufi kubwa za makro zinageuka ndogo.

Mfasiri_Tukuyu

Ndaga fijo kwa mada hii, maana imegusa kitu kinachonihangaisha. Nachapa maandiko ya Kinyakyusa. Lugha yetu ina irabu saba, na mbili kati yake zinaandikwa ɨ na ʉ. Nikinunua kibodi ya Vial, nitaweza kuwa na kitufe cha ɨ na cha ʉ? Sasa hivi nanakili kutoka faili jingine na kubandika, herufi kwa herufi. Ukurasa mmoja unakula asubuhi nzima, na sipendi kuona watu wanakata tamaa na kuandika i na u tupu, kwa sababu maneno yanachanganyika.

Fundi_Kihesa (Iringa)

Swali lako ni zito kuliko la mwenye mada, naye anisamehe. Kwa sababu ile ile niliyoitaja, kibodi haina namna ya kawaida ya kutuma ɨ. QMK ina mbinu ya Unicode (mfumo wa namba za herufi za lugha zote), lakini kwenye Windows inategemea programu ya msaada kama WinCompose, kwenye Linux inapita njia nyingine, na lazima uitaje wakati wa kukompaili. Dirisha la VIA halikusaidii hapo.

Kwa lugha zetu, herufi ni kazi ya kompyuta. Chukua Keyman, programu ya kuchapia herufi za lugha mbalimbali, ni ya bure, inatoka SIL, shirika la mambo ya lugha, na ina chombo cha kutengenezea mpangilio wako mwenyewe endapo hukuti unaokufaa. Unaamua, kwa mfano, kwamba nukta mkato ikifuatwa na i inatoa ɨ. Itafanya kazi kwenye kibodi yoyote, hata ile ya laptopu. Fonti nayo ichague vizuri. Charis SIL inazo herufi hizo, ndogo na kubwa.

Data_Makambako

Naomba niongezee, kwa sababu kuna mahali njia hizi mbili zinakutana vizuri sana. Windows inatambua vitufe F13 hadi F24, ingawa kibodi za dukani zinaishia F12. Kwa hiyo hakuna programu inayogombania F13 na wenzake. Kwenye Vial kipe kitufe kimoja F13 na kingine F14. Kisha kwenye AutoHotkey toleo la 2 andika:

`F13::Send "ɨ"`
`+F13::Send "Ɨ"`
`F14::Send "ʉ"`
`+F14::Send "Ʉ"`

Alama ya kujumlisha ni Shift. Faili lihifadhi kwa UTF-8 (chaguo la Encoding wakati wa kuhifadhi) ili herufi hizo zisiharibike. Mfasiri, hapo una kitufe kimoja kwa herufi moja, na kasi yako itakuwa ile ile ya kuchapa Kiswahili.

Mfasiri_Tukuyu

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mungu awabariki.

Mwanachuo_Iyunga (Mbeya)

Shikamooni wakubwa. Kwa anayeona kibodi nzima ni ghali, kuna njia ya kutengeneza kipadi cha vitufe tisa. Chukua Raspberry Pi Pico, ni RP2040 yenye flashi ya MB 2 na pini 26 za kuunganishia. Kwa vitufe tisa huhitaji hata dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kila swichi unaiunganisha mguu mmoja kwenye pini yake na mwingine kwenye pini ya ardhi (GND). Ukizidisha hadi kibodi kamili ndipo unapanga safu na nguzo, na kila swichi inapata dayodi yake, 1N4148 inatosha, la sivyo ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja inasoma na cha nne ambacho hujakigusa.

Kuiflashi ni rahisi: shikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka waya, inajitokeza kama flashi diski, unaburuta faili la UF2 ndani, imekwisha. Hakikisha waya wako ni wa data, maana nyaya nyingi za kuchajia simu zinapitisha umeme tu.

Sehemu inayotaka uvumilivu ni kuandaa fimuwea yenye Vial mara ya kwanza. Ikishaingia, kijana wa steshenari anapanga mwenyewe bila kumwita fundi.

Baridi_Njombe

Kamwene. Kwa ufupi tu kuhusu zisizo na waya: nyingi za kujiundia zinatumia ZMK badala ya QMK, na kupanga kwake ni kupitia GitHub, tovuti ya kuhifadhia kodi, ambako inakukompailia faili. Siku hizi kuna ZMK Studio ya kubofya, ila lazima fimuwea iwe imeandaliwa kwa ajili yake. Kwa steshenari ningebaki na waya.

Zaidi nataka kumtahadharisha mwenye mada kuhusu neno "programmable" kwenye matangazo. Niliagiza moja iletwe na basi kutoka Dar. Ilipofika nikakuta inataka programu ya kiwandani kwao tu, ya Windows peke yake, na makro zinakaa kwenye kompyuta. Haikuwa QMK wala VIA. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie jina kamili la modeli, ulitafute kwenye orodha ya Vial na ya VIA. Hata ndani ya jina moja la kampuni, modeli moja inaweza kukubali na nyingine ikakataa.

Steshenari_Mwanjelwa (Mbeya)

Wakuu, nimepata mwanga. Nimeamua hivi: kibodi moja ya RP2040 yenye Vial kwa mashine ya ankara na mitihani, vipadi viwili vya vitufe tisa ambavyo mdogo wangu wa Iyunga atanisaidia kuunda kwa makubaliano, na AutoHotkey kwenye zote tatu kwa vichwa vya barua. Faili la vifupisho nitaliweka kwenye flashi diski ili likiongezwa moja linakiliwe kote.

Swali la mwisho. Wateja wengi wanaingia kwenye mifumo ya maombi kwa nywila zao, na sisi tuna za kwetu za ofisi. Kijana mmoja ameshauri nywila za ofisi tuziweke kwenye kitufe ili tusizichape mara kwa mara. Ni sawa?

Fundi_Kihesa (Iringa)

Hapana, mkuu, hilo usilifanye. Makro zinahifadhiwa kama maandishi ya wazi. Anayeichukua kibodi anafungua faili tupu, anabonyeza, na nywila inasomeka. Vial imeweka ulinzi kidogo, kwamba kwa baadhi ya mambo inakutaka kwanza ushikilie vitufe fulani vya kibodi kwa pamoja ili ifunguke, lakini hilo halimzuii mtu kubonyeza kitufe chenyewe.

Na ukimaliza kupanga, hifadhi mpangilio wa kila kibodi kwenye faili la .vil kupitia menyu ya File. Siku ukiiflashi upya mpangilio unaweza kufutika wote, na faili hilo ndilo litakalourudisha.