Naomba ushauri: spika za inchi 6.5 au 8 kwa chumba kidogo?

Wakuu, habari zenu. Niko Kireka, nje kidogo ya Kampala. Nimetenga chumba cha mita 3 kwa 3.5 cha kusikilizia rumba; kuta za tofali, sakafu ya saruji tupu. Niliazima kwa rafiki spika ndefu zenye koni ya besi ya inchi 8. Besi ikavuma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, sauti ya mwimbaji ikamezwa kabisa. Nilizisogeza sentimita 60 kutoka ukutani, ikapungua, ila noti moja ya gitaa la besi bado inanguruma. Nahisi ni urefu wa chumba, maana mita 3.5 huzidisha mawimbi ya besi ya karibu hezi 49 (mitetemo 49 kwa sekunde). Je, ninunue za inchi 6.5 za kuweka kwenye stendi? Nakaa mita 2 tu kutoka kwenye spika.