Mwaka huu hatuvuki kwenda Ukerewe: Krismasi ya nyumbani Mwanza tuifanyeje ili watoto waione?

MamaWawili_Buhongwa

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa.

Naomba mawazo yenu mapema. Kila Desemba tulikuwa tunapanda meli hadi Nansio kule Ukerewe, tunakula sikukuu kwa wakwe. Kule mama mkwe na mawifi ndio wanaoendesha kila kitu, mimi namenya vitunguu na kuosha vyombo. Mwaka huu mume wangu kapangiwa zamu tarehe 25, anaingia saa nane mchana, kwa hiyo tunabaki hapa Buhongwa. Niko na watoto wawili, mmoja darasa la kwanza na mwingine la nne, pamoja na mdogo wangu anayesoma chuo.

Fedha ipo kidogo. Nyingine nimeitenga kwa sare na madaftari ya Januari na hiyo siigusi hata iweje. Lakini sitaki iwe tumekula pilau, tumewasha tivii, tumelala. Nataka watoto wawe na kitu cha kwao cha kukumbuka.

Na kuna jambo jingine linaloniumiza kichwa. Jirani yangu wa mlango wa pili, mume wake ni mvuvi, yuko kambini visiwani, hajulikani kama atarudi kabla ya sikukuu. Mama wa watu ana watoto wanne. Natamani tusherehekee pamoja nao, ila naogopa ajisikie kama namsaidia maskini. Ni mwanamke mwenye heshima zake. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Fundi_Pasiansi

Dada, kama una mpango wa kushona nguo za watoto peleka kitambaa kwa fundi wiki hii hii. Ikifika tarehe 15 kila cherehani Mwanza nzima ina foleni, na fundi akikuahidi tarehe 24 usiku utakesha mlangoni kwake. Kitenge kimoja cha yadi sita kinaweza kutoa gauni la binti, shati la kaka yake na bado likabaki la kitambaa cha kichwa chako. Kama bajeti haifiki huko, nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, chagua, kisha leta kwa fundi apunguze na kubadilisha vifungo. Nguo iliyofuliwa na kupigwa pasi vizuri, mtoto haulizi imetoka wapi.

BibiWaMwaloni

Marahaba mwanangu.

Mimi ni mtu wa Kirumba. Nimeanika dagaa pale mwaloni, ufukweni inapofikia mitumbwi ya wavuvi, tangu nikiwa msichana, marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, na watoto wangu wote wamekulia hapo. Nitaanza na huyo jirani yako, maana hapo ndipo swali lako lilipo kweli.

Usimuulize kama ana chakula. Muulize giza linaisha lini. Sisi wa ziwani mbali na kalenda tunahesabu mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta wakusanyike. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa inakosa nguvu na mitumbwi inapumzika. Basi Krismasi ikiangukia kwenye giza, baba yuko majini ila kuna fedha inayokuja. Ikiangukia kwenye mbalamwezi, baba anaweza kuwa nyumbani lakini mfuko umelala. Mke wa mvuvi ukimuuliza habari za giza atakueleza mwenyewe hali ilivyo, bila kuinamisha kichwa, kwa sababu mnazungumzia kazi ya mume wake.

Ukishajua, fanya hivi: toa mapema na toa kibichi. Sahani ya pilau ikipelekwa tarehe 25 mchana inashibisha watoto, ni kweli, lakini wamekula cha chungu cha mwingine huku mama yao amekaa na jiko baridi. Mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta na kipande cha sabuni vikifika tarehe 22, moshi wa Krismasi unatoka kwenye jiko lake. Watoto wanne wanamwona mama yao akipika sikukuu. Mimi niliwahi kupokea hivyo kutoka kwa mama mmoja wa jumuiya yetu mwaka ambao mitumbwi ilikaa pwani muda mrefu, na ninachokumbuka mpaka leo ni wanangu wakigombea kukoroga sufuria letu.

Usipeleke wewe. Mtume mtoto na kikapu, aseme tu, "Mama anasema tunakaribisha Krismasi." Akirudishiwa kitu, hata iwe kisado cha dagaa au maembe mawili, kipokee kwa mikono miwili. Ukikataa umeharibu yote.

Chakula kilichoiva nacho kina siku yake. Hicho mpelekeane tarehe 25 wakati kila mmoja kapika. Sahani inatoka kwako ikiwa na pilau, inarudi ikiwa na maandazi, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Hapo hakuna anayemsaidia mwenzake.

Sasa watoto wako. Kinachowafanya waione Krismasi ni kupewa kazi kabla haijafika. Kwetu kazi hiyo ni pango. Inasemwa kanisani kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyeonyesha pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223, akatumia hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, ili watu wa kawaida waone kwa macho jinsi Mtoto alivyozaliwa. Wewe huhitaji kununua chochote. Mawe ya Mwanza yako kila kona. Udongo wa mfinyanzi watoto wafinyange wenyewe kondoo na wachungaji, ukikauka kivulini haupasuki sana. Pamba omba kwa mtu yeyote mwenye ndugu Kwimba au Magu, konzi moja inatosha kutandika hori. Mwanangu wa tatu alipokuwa mdogo alitengeneza mtumbwi wa bua la mtama akauweka kando ya hori, akasema Yosefu atavukaje bila chombo. Tangu hapo pango letu lina mtumbwi, na wajukuu wanaubadilisha kila bua likichakaa.

Mtoto Yesu hawekwi mapema. Hori likae tupu kipindi chote cha Majilio, yaani majuma ya kungoja Noeli, na usiku wa mkesha mkitoka misani yule mdogo kabisa ndiye anayemlaza. Huyo wako wa darasa la kwanza atakesha bila kusinzia, utaona.

Mishumaa ya Majilio pia, mmoja kila Jumapili mpaka itimie minne. Mitatu ni ya zambarau na mmoja wa waridi, ila mishumaa myeupe ya dukani ukiifunga utepe wa rangi hizo inafaa kabisa. Wawashe kabla ya chakula cha jioni, msali kidogo, mzime. Dakika chache tu, lakini mtoto anaanza kuhesabu Jumapili.

Kuhusu chakula nitasema kifupi. Watoto wa ziwani samaki wanamla kila siku, kwa hiyo sikukuu wanataka kuku. Ila mkipata mgeni kutoka bara ya mbali, mnunulie sato mbichi asubuhi mwaloni, mkaange, mtie nyanya na kitunguu saumu, atakuombea dua mwaka mzima. Soda kreti zima si lazima. Loweka ukwaju usiku, asubuhi ukamue, chuja, tia sukari na tangawizi ya kutwanga. Na usidharau matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa: weka bakuli la matobolwa na karanga za kukaanga mezani uone nani ataacha.

Jirani_wa_Mkuyuni

Assalaam alaykum dada, na bibi shikamoo.

Naomba niongeze la upande wetu. Sisi ni Waislamu, tunapakana ukuta na familia ya Kikristo. Idi sahani zetu huenda kwao, Krismasi zao huja kwetu. Miaka yote asubuhi ya tarehe 24 au 25 wanamwita mume wangu awachinjie kuku wao wote. Kwa hiyo sahani ikija tunakula kwa moyo mweupe na watoto wetu hawana haja ya kuuliza. Kama una jirani Mwislamu unayetaka ale kwako, fanya hivyo, ni jambo dogo na linatufurahisha kuliko zawadi.

Halafu usiku wa mkesha wao wanapokwenda kanisani, mimi na binti zangu tunawaangalizia nyumba na sufuria la maharage lililoachwa kwenye makaa. Sufuria kubwa la pilau ni letu na jamvi ni lao, vinahama kufuata sikukuu. Dada, huenda jirani yako huyo hana cha kutoa cha fedha, lakini ana mikono. Mwombe aje akusaidie kukata maandazi. Akikusaidia kazi yako, hatajisikia mdogo kupokea.

Nesi_Bugando

Mkishamaliza majirani, kumbukeni na huku kwetu mlimani. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, tunapokea wagonjwa wa Kagera, Mara, Geita, Simiyu na Shinyanga, na ndugu wanaowauguza wamekaa siku nyingi mbali na kwao. Wengi huleta vyakula siku ya Krismasi na ni vizuri, ila ulizeni kwanza kwa kiongozi wa wodi, kuna wagonjwa wasioruhusiwa chumvi, mafuta au sukari. Vitu ambavyo havikosi mtu wa kuvitumia ni sabuni ya kufulia, mafuta ya kupaka, khanga na nepi. Mtoto wako wa darasa la nne anaweza kuchora kadi. Nimeona mzee wa Ngara akiweka kadi ya mtoto asiyemjua kwenye Biblia yake, akaondoka nayo aliporuhusiwa.

MamaWawili_Buhongwa

Jamani asanteni, nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo!

Bibi, la giza sikulijua na nimeishi na wavuvi miaka yote hii. Jana jioni nikamuuliza jirani, akaniambia vizuri tu kwamba giza ndilo linaanza, mume wake atakuwa majini sikukuu yote na atarudi siku mbili tatu baadaye, na hela ya kutuma ni mpaka dagaa wauzwe. Tumekubaliana tarehe 24 mchana tukate maandazi pamoja, kwa sababu yeye ana karai kubwa na mimi nina jiko la gesi. Kikapu kitaenda tarehe 22 kama ulivyosema. Pango limeanza, kaka mtu ameshaleta mawe mengi kuliko nafasi iliyopo.

Maswali yangu ni mawili. Kashata za karanga unazipikaje zisiwe laini, nataka ziwe za watoto wanaopita kuomba sikukuu yao. Na maandazi ya kilo moja vipimo vyake ni vipi?

BibiWaMwaloni

Umefanya vizuri sana mwanangu.

Maandazi: unga kilo moja, sukari kikombe kimoja kidogo, hamira vijiko viwili vya chai, iliki ya kutwanga, chumvi kidole, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maziwa ya uvuguvugu kama nusu lita. Maziwa usiyamimine yote kwa pamoja, unga wenyewe utakuambia. Kanda mpaka usishike mkononi, funika uumuke, sukuma, kata, acha vipumzike tena kidogo ndipo ukaange kwa mafuta ya moto wa wastani. Mafuta yakiwa makali maandazi yanababuka nje na ndani yanabaki mabichi.

Kashata: karanga nusu kilo, zikaange bila mafuta, pukuta maganda, zipondeponde zibaki vipande. Sukari nusu kilo weka kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo na ukoroge mpaka iyeyuke yote na kuwa ya kahawia. Usitie maji, na usiondoke jikoni, maana kutoka kuiva mpaka kuungua ni muda mfupi sana. Tia iliki na karanga, koroga haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, sawazisha kwa mwiko nao uwe na mafuta, kata ingali moto. Ikipoa haikatiki, inavunjika ovyo. Na watoto wakae nje wakati huo. Sukari iliyoyeyuka ikidondoka kwenye ngozi inaganda hapo hapo na kuunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

Nimefurahi uliposema baba anarudi siku mbili tatu baadaye. Mwambie mama huyo asiwaambie watoto kwamba sikukuu imempita baba yao. Nyumba nyingi za mwaloni tunafanya Krismasi ya pili siku mtumbwi unaporudi, hata iwe tarehe 28 au 30, na kanisani kipindi cha Noeli kinaendelea mpaka Januari, kwa hiyo hajachelewa. Wamtunzie fungu lake la kashata kwenye kopo kavu lenye mfuniko, zitakaa wiki mbili bila kulainika. Na wewe usisahau kumfungia mumeo maandazi anapoingia zamu saa nane, uyafunge ya kumtosha yeye na wenzake aliopangwa nao.